Sven Rydell wa Uswidi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Maisha Yake ya Soka

Jina la Sven Rydell lilirudi midomoni mwa wapenzi wa soka mwaka 2014, Zlatan Ibrahimović alipompita katika orodha ya wafungaji bora wa timu ya taifa ya Uswidi. Kabla ya hapo, nje ya Uswidi, ni wachache waliokuwa wakimfahamu mtu aliyeshikilia rekodi hiyo kwa zaidi ya miongo minane. Majibu yafuatayo yanahusu klabu alizochezea, mabao yake na mashindano aliyoshiriki, pamoja na yale ambayo hakupata nafasi ya kushiriki, kwa sababu hesabu ya mabao yake haieleweki vizuri bila kujua ratiba ya soka la zama zake.

Sven Rydell alikuwa nani hasa?

Alikuwa mshambuliaji aliyezaliwa katika jiji la Göteborg, magharibi mwa Uswidi, tarehe 14 Januari 1905, na kufariki tarehe 4 Aprili 1975. Kati ya mwaka 1923 na mwaka 1932 aliichezea timu ya taifa mechi 43 na kuifungia mabao 49. Alikuwa katika kikosi kilichotwaa medali ya shaba kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1924, na mwaka 1931 akawa mwanasoka wa kwanza kutunukiwa medali ya dhahabu ya gazeti la Svenska Dagbladet, ambayo ni miongoni mwa tuzo zenye heshima kubwa kabisa katika michezo ya nchi hiyo.

Kwa nini Göteborg hutajwa sana anapozungumziwa?

Kwa sababu soka la Uswidi lilianza kupata mpangilio katika jiji hilo. Göteborg ni bandari inayoelekea Bahari ya Kaskazini, na biashara yake na Uingereza na Uskoti ilileta wafanyabiashara, mabaharia na mafundi wa viwanda vya nguo ambao walikuja na mpira wao. Klabu ya Örgryte IS iliundwa mwaka 1887, na tarehe 22 Mei 1892 ilicheza mechi ambayo Waswidi wanaihesabu kuwa ya kwanza nchini mwao iliyochezwa kwa kanuni za kisasa, huku katika kikosi chake wakiwamo Waskoti waliokuwa wakifanya kazi mjini humo. Timu ya taifa nayo ilicheza mechi yake ya kwanza kabisa Göteborg, tarehe 12 Julai 1908, ikaifunga Norwe mabao 11 kwa 3.

Rydell alizaliwa wakati Örgryte ikiwa imeshazoea kunyanyua vikombe, na alipofikia umri wa kucheza kwa ushindani jiji lilikuwa na klabu tatu kubwa: Örgryte, IFK Göteborg na GAIS. Ligi kuu ya Allsvenskan ilipoanzishwa kwa msimu wa 1924–25, ikiwa na timu 12, zote tatu zilikuwamo, na GAIS ndiyo iliyoongoza msimu huo wa kwanza. Kijana mwenye kipaji hakuhitaji kusafiri mbali kutafuta soka la kiwango cha juu kabisa nchini. Lilikuwa mlangoni pake.

Alichezea klabu zipi?

Tatu, zote za Göteborg. Alitokea Holmens IS, akapata jina kubwa akiwa na Örgryte IS, na pia aliichezea Redbergslids IK, klabu ambayo leo inajulikana zaidi kwa mpira wa mikono kuliko kwa soka. Mtu anapomtaja Rydell wa klabu, bila shaka anamzungumzia Rydell wa Örgryte.

Je, alikuwa bingwa wa Uswidi?

Swali hili linaonekana jepesi, lakini jibu lake linawashangaza wengi. Örgryte iliongoza Allsvenskan mara mbili katika zama za Rydell, msimu wa 1925–26 na msimu wa 1927–28. Kwa desturi ya leo, timu inayomaliza kileleni mwa ligi kuu ndiyo bingwa wa nchi, na mjadala unaishia hapo. Uswidi ya miaka ya 1920 haikuwa hivyo. Cheo cha bingwa wa Uswidi kilikuwa kikigombewa katika mashindano mengine kabisa, ya mtoano, yaliyoanza mwaka 1896 na kuchezwa kwa mara ya mwisho mwaka 1925, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo hakukuwa na timu yoyote iliyopewa cheo hicho. Ni kuanzia msimu wa 1930–31 ndipo kinara wa Allsvenskan alipoanza kuhesabiwa rasmi kuwa bingwa wa nchi, na wa kwanza kunufaika alikuwa GAIS.

Matokeo yake ni kwamba ushindi wa Örgryte wa mwaka 1926 na wa mwaka 1928 umeandikwa katika vitabu kama ushindi wa ligi, lakini hauhesabiwi miongoni mwa ubingwa 12 wa Uswidi wa klabu hiyo, ambao 11 kati yake ulipatikana kati ya mwaka 1896 na 1913 na mmoja ukaja baadaye sana, mwaka 1985. Kwa hiyo Rydell na wenzake, akiwamo mfungaji mwingine mkubwa wa klabu hiyo, Carl-Erik Holmberg, waliishinda ligi ngumu kuliko ile michuano ya zamani ya mtoano, wakaambulia heshima pungufu. Mwandishi wa majibu haya anaona kuwa ni dhuluma ndogo ya karani, kwani kuongoza timu nyingine 11 kwa mechi 22 ni kazi kubwa kuliko kushinda raundi chache za mtoano. Lakini kumbukumbu rasmi ndizo hizo.

Alicheza nafasi gani?

Mbele, na mara nyingi upande wa kulia wa ndani. Mfumo uliotumika wakati huo karibu kote Ulaya ulikuwa wa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano: mawinga wawili pembeni, mshambuliaji wa kati, na washambuliaji wawili wa ndani waliosimama kati yake na mawinga. Katika kikosi cha Paris mwaka 1924, winga wa kulia alikuwa Charles Brommesson, katikati alikuwa Per Kaufeldt wa AIK, na Rydell alicheza baina yao, huku winga wa kushoto akiwa Rudolf Kock. Ni nafasi iliyomtaka mchezaji kupokea mpira kutoka kwa viungo na kuuendeleza, na bado awe ndani ya eneo la hatari winga anapopiga krosi.

Jambo jingine la kukumbuka ni kanuni ya kuotea. Hadi mwaka 1925, mshambuliaji alitakiwa kuwa na wapinzani wasiopungua watatu kati yake na mstari wa goli pale anapopigiwa mpira. Mwaka huo idadi ikapunguzwa kuwa wawili. Mabadiliko hayo yaliwafungulia washambuliaji milango kote duniani. Rydell alianza kufunga kwa kanuni ya zamani, iliyowabana zaidi washambuliaji, akaendelea kufunga kwa kanuni mpya, na mabao yake ya Olimpiki yote ni ya kanuni ya zamani.

Olimpiki ya Paris ya 1924 ilikwendaje kwake?

Hapa ndipo kilele cha maisha yake ya soka kilipo, na inafaa kueleza kwa kirefu, kwa kuwa mashindano haya ndiyo yaliyokuwa makubwa kuliko yote kwa timu za taifa kabla ya kuanzishwa kwa Kombe la Dunia. Rydell alikuwa na umri wa miaka 19.

Uswidi haikuwa timu ya kutisha katika Olimpiki. Mwaka 1908 jijini London ilifungwa mabao 12 kwa 1 na Uingereza. Mwaka 1912, ikiwa mwenyeji jijini Stockholm, ilitolewa mapema na Uholanzi. Mwaka 1920 huko Antwerp iliibamiza Ugiriki mabao 9 kwa 0, kisha ikafungwa tena na Uholanzi mabao 5 kwa 4. Safari hii, baada ya kuvuka raundi ya kwanza bila kucheza, ilipangiwa Ubelgiji, ambayo ilikuwa bingwa mtetezi.

Mechi hiyo ilichezwa tarehe 29 Mei katika uwanja wa Colombes, nje kidogo ya Paris. Uswidi ilishinda mabao 8 kwa 1. Rydell alifunga matatu, Kock akafunga matatu, na mengine yakafungwa na Brommesson na Tore Keller. Kumvua taji bingwa mtetezi kwa idadi kama hiyo kulikuwa jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

Siku tatu baadaye, tarehe 1 Juni, Uswidi ilikutana na Misri katika robo fainali. Wamisri walikuwa wametoka kuishangaza Hungaria kwa kuifunga mabao 3 kwa 0, ushindi ambao unastahili kukumbukwa kuliko unavyokumbukwa barani mwetu, kwa sababu Hungaria ya wakati ule ilihesabiwa miongoni mwa walimu wa soka la Ulaya. Dhidi ya Waswidi, hata hivyo, hawakufua dafu: walifungwa mabao 5 kwa 0, na Rydell akiwa miongoni mwa waliofunga.

Nusu fainali dhidi ya Uswisi ilikuwa habari nyingine. Max Abegglen aliipa Uswisi bao la kuongoza, Kock akasawazisha, lakini Abegglen akafunga tena la ushindi, na Uswisi ikaenda fainali kwa mabao 2 kwa 1. Siku hiyo Rydell hakufunga.

Kisha ukaja mchezo wa kuwania medali ya shaba dhidi ya Uholanzi, timu ambayo ilikuwa imeitoa Uswidi katika Olimpiki mbili mfululizo. Tarehe 8 Juni zilitoka sare ya bao 1 kwa 1 hata baada ya muda wa nyongeza. Hakukuwa na mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi enzi hizo. Timu zililazimika kurudiana, na zikarudiana kesho yake, tarehe 9 Juni, siku ileile ambayo Uruguay iliifunga Uswisi mabao 3 kwa 0 katika fainali. Katika marudiano hayo Uswidi ilishinda mabao 3 kwa 1, na mawili kati ya matatu yalifungwa na Rydell.

Uswidi ilifunga jumla ya mabao 18 katika mashindano hayo, na sita yalikuwa ya Rydell, yaani theluthi moja kamili. Ilikuwa medali ya kwanza ya soka la Uswidi katika mashindano makubwa. Ukiulizwa ni mabao gani kati ya 49 yaliyo na uzito mkubwa zaidi, inafaa kuyataja yale mawili ya marudiano kuliko yale matatu dhidi ya Ubelgiji: yale matatu yaliingia katika karamu ya mabao, lakini haya mawili yalifungwa na miguu iliyokuwa imetoka kucheza dakika 120 siku moja kabla.

Kwa nini hakucheza Olimpiki nyingine wala Kombe la Dunia?

Kwa sababu kalenda ilimkwepa, na mara kadhaa. Uswidi haikupeleka timu ya soka katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, wakati Rydell akiwa na miaka 23 na klabu yake ikiwa imeongoza ligi. Mwaka 1930 Kombe la Dunia la kwanza lilichezwa Uruguay. Uswidi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoomba kuyaandaa mashindano hayo, lakini uenyeji ulipokwenda Montevideo haikusafiri, kama zilivyofanya nchi nyingi za Ulaya. Safari ya meli ya kwenda na kurudi pamoja na mashindano yenyewe ingewaondoa wachezaji makazini mwao kwa miezi, na hatimaye ni timu nne tu za Ulaya zilizokwenda: Ubelgiji, Ufaransa, Romania na Yugoslavia. Mwaka 1932 Olimpiki ilifanyika Los Angeles, na soka halikuwamo kabisa katika ratiba.

Uswidi ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 1934 nchini Italia, ikaifunga Argentina mabao 3 kwa 2 kabla ya kutolewa na Ujerumani kwa mabao 2 kwa 1. Rydell angekuwa na umri wa miaka 29 wakati huo, umri ambao mshambuliaji bado ana nguvu, lakini mechi yake ya mwisho kwa taifa ilikuwa imeshapita mwaka 1932. Kwa hiyo mtu mwenye wastani wa zaidi ya bao moja kwa kila mechi alicheza mashindano makubwa mara moja tu, kwa siku 12, akiwa kijana wa miaka 19.

Basi mabao yake mengine aliyafunga dhidi ya nani?

Kwa sehemu kubwa ni dhidi ya majirani. Ratiba ya timu ya taifa ya Uswidi katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilijengwa juu ya mechi dhidi ya Denmark, Norwe na Finland, zikiongezewa mechi za kirafiki dhidi ya nchi kama Ujerumani na nchi za Baltiki, kama vile Estonia na Latvia. Kuanzia mwaka 1924 mechi za majirani ziliunganishwa kuwa mashindano ya nchi za Kaskazini, yaliyochezwa taratibu kwa miaka kadhaa hadi msimamo ukamilike: awamu ya kwanza, ya 1924 hadi 1928, ilichukuliwa na Denmark, na ya pili, ya 1929 hadi 1932, ambayo Finland nayo iliingia, ikachukuliwa na Norwe.

Wapo wanaosema kwamba hoja hii inaipunguzia rekodi thamani. Si kweli kabisa. Denmark ilikuwa imetwaa medali ya fedha katika Olimpiki ya 1908 na ya 1912, na kuifunga haikuwa mchezo wa watoto. Lakini ni kweli pia kwamba soka la kujilinda la zama hizo halikuwa limepangika kama lilivyo leo, na kwamba matokeo ya mabao mengi yalikuwa ya kawaida: tarehe 29 Mei 1927, kwa mfano, Uswidi iliifunga Latvia mabao 12 kwa 0, ushindi ambao timu hiyo haijawahi kuuzidi, ingawa iliufikia dhidi ya Korea Kusini mwaka 1948.

Mbona mechi 43 tu katika miaka kumi?

Kwa zama zake hizo ni nyingi. Timu zilisafiri kwa treni na meli, wachezaji walikuwa na kazi zao, na majira ya baridi ya Uswidi yaliufunga mpira kwa miezi. Mechi nne au tano za kimataifa kwa mwaka kwa mchezaji mmoja zilikuwa ushahidi kwamba hakuwa akikosa namba.

Je, alikuwa akilipwa?

La, angalau si kwa mujibu wa kanuni. Soka la Uswidi lilikuwa la ridhaa, na liliendelea kuwa hivyo rasmi hadi mwaka 1967. Chama cha soka kiliichukulia kanuni hiyo kwa uzito: mwaka 1934 Malmö FF, klabu ambayo miongo mingi baadaye ingemlea Ibrahimović, iliondolewa katika Allsvenskan kwa kosa la kuwalipa wachezaji. Mchezaji alitarajiwa kuishi kwa kazi yake ya kawaida na kucheza kwa mapenzi na heshima ya klabu.

Kwa nini rekodi ya mabao 49 ilidumu kwa miaka 82?

Jibu la swali lililotangulia ndilo ufunguo wa hili. Kanuni ya ridhaa ilikuwa na meno upande wa pili pia: Mswidi aliyekwenda nje kucheza soka la kulipwa hakuitwa tena katika timu ya taifa. Rydell hakuwahi kukutwa na jambo hilo, lakini waliokuja baada yake walikutwa nalo, na mfano mkubwa ni Gunnar Nordahl.

Nordahl alianza kuichezea Uswidi mwaka 1942. Hadi mwaka 1948, alipoisaidia kutwaa medali ya dhahabu katika Olimpiki ya London, alikuwa amefunga mabao 43 katika mechi 33, wastani unaozidi hata ule wa Rydell. Januari 1949 akasajiliwa na AC Milan ya Italia, ambako alikuja kuwa mfungaji bora wa Serie A mara tano. Tangu siku hiyo timu ya taifa ikawa imemfungia mlango. Alikuwa na miaka 27 na alibakiza mabao sita tu kumfikia Rydell. Kwa kasi yake, mechi tano zingetosha. Milango ilipofunguliwa tena na Uswidi ikawaita nyumbani wachezaji wake wa kulipwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la 1958, ambalo iliandaa yenyewe na kufika fainali, Nordahl alikuwa ameshazeeka kisoka. Naye Kurt Hamrin, mfungaji hodari wa ligi ya Italia, alimaliza na mechi 32 tu za taifa na mabao 17.

Baadaye mpira wenyewe ulibadilika. Mechi ziliongezeka, lakini mabao kwa mechi yakapungua. Henrik Larsson, ambaye hakuna anayeweza kumwita mfungaji wa kawaida, alihitaji mechi 106 kufikisha mabao 37. Hivyo rekodi ya Rydell ililindwa kwanza na kanuni, kisha na mabeki.

Medali ya dhahabu ya mwaka 1931 ilikuwa ya nini?

Gazeti la Svenska Dagbladet lilianza mwaka 1925 kutoa medali moja kila mwaka kwa mafanikio makubwa zaidi ya michezo nchini Uswidi. Miaka ya mwanzo ilikwenda kwa michezo ya mtu mmoja mmoja, ambayo Waswidi waliifanya vizuri kimataifa, kama vile kuogelea na mbio za kuteleza kwenye theluji. Kumpa mwanasoka, ambaye mafanikio yake yanategemea wenzake kumi, kulikuwa kuvunja mwiko. Mwanasoka aliyefuata baada yake kuipata alikuwa Nordahl, mwaka 1947, na pengo hilo la miaka 16 linaeleza uzito wa tuzo yenyewe.

Ibrahimović aliivunja rekodi vipi?

Tarehe 4 Septemba 2014, katika mechi ya kirafiki dhidi ya Estonia kwenye uwanja wa Friends Arena, Solna. Aliingia uwanjani akiwa na mabao 48. Alifunga dakika ya tatu na kumfikia Rydell, kisha dakika ya 24 akaupeleka mpira wavuni kwa kisigino na kufikisha mabao 50, ikiwa ni mechi yake ya 99. Uswidi ilishinda mabao 2 kwa 0. Estonia, kama ilivyoelezwa juu, ilikuwa miongoni mwa wapinzani wa Uswidi katika zama za Rydell pia. Ibrahimović alifika hatimaye mabao 62 katika mechi 122.

Kati ya Rydell, Nordahl na Ibrahimović, nani alikuwa mfungaji bora?

Kwa wastani wa mabao, Nordahl anaongoza kwa takriban bao 1.30 kwa mechi, Rydell anafuata kwa 1.14, na Ibrahimović ana 0.51. Kwa jumla ya mabao mpangilio unageuka: Ibrahimović 62, Rydell 49, Nordahl 43. Anayetaka jibu moja atalazimika kuchagua kipimo kwanza.

Kwa maoni ya mwandishi, Nordahl alikuwa mfungaji mkubwa kuliko wote watatu, kwa sababu alithibitisha uwezo wake nyumbani, katika Olimpiki na katika ligi ngumu ya nje. Ibrahimović alifunga katika soka lililo gumu zaidi kufunga, dhidi ya mabeki wanaolipwa kuchunguza kila hatua yake. Rydell hakupewa uwanja wa kujipima kwa namna hiyo: alipewa Olimpiki moja, akafunga mabao sita katika mechi tano, na mashindano mengine makubwa hayakumfikia. Kumshusha kwa sababu hakucheza Kombe la Dunia ni kumdai deni ambalo hakukopa.

Je, rekodi hiyo ilikuwa ya timu za taifa za Uswidi zote?

Hapana, ilikuwa ya timu ya wanaume, ingawa vyombo vingi vya habari vilisahau kutaja hivyo mwaka 2014. Katika timu ya wanawake idadi ni kubwa zaidi: Hanna Ljungberg aliifungia mabao 72 katika mechi 130, na Lotta Schelin akampita na kumaliza na mabao 88. Mabao 49 ya Rydell yalikuwa yameshapitwa na Mswidi aliyevaa jezi ya taifa muda mrefu kabla ya usiku ule wa Solna.

Kuna wachezaji wengine wa zama hizo wanaochanganywa naye?

Wapo wawili hasa. Wa kwanza ni Sven Jonasson wa Elfsborg, klabu ya mji wa Borås, ambaye ndiye mfungaji bora wa wakati wote wa Allsvenskan kwa mabao 254. Yeye ndiye aliyefunga mabao mawili dhidi ya Argentina katika Kombe la Dunia la 1934. Jina la kwanza ni moja na kazi ni moja, lakini Jonasson ni wa ligi na Rydell ni wa timu ya taifa. Wa pili ni Filip Johansson wa IFK Göteborg, ambaye katika msimu wa kwanza wa Allsvenskan, wa 1924–25, alifunga mabao 39 katika ligi ya mechi 22. Rekodi ya Johansson ya mabao mengi katika msimu mmoja wa ligi hiyo, tofauti na ile ya Rydell, haijavunjwa.